Nafasi Iliyo Mbele ya Mlango

3 Machi

Mvua ya kwanza leo, ya kulitia vumbi adabu tu. Naandika kwenye shajara ya ofisi, hii wanayotugawia kila mwaka badala ya nyongeza ya mshahara. Binti yangu ameniambia kwenye simu niandike kwa sababu silii, na yasiyotoka machoni yatatafuta pengine pa kutokea. Nikamwambia sina la kuandika. Akasema, "Mama, andika hata hali ya hewa." Haya, mvua imenyesha.

4 Machi

Mvua. Dirishani watu wachache.

6 Machi

Kwa kuwa binti yangu ataisoma hii siku moja, nieleze vizuri. Mimi ni karani wa vibali vya maegesho katika ofisi ya jiji, dirisha namba tatu. Mtu anayeishi katikati ya jiji na ana gari huja kwangu kuomba kibali cha kuegesha mtaani kwake. Mtaa wetu una nafasi thelathini na moja, na magari ya wakazi yanakaribia mia. Kibali cha mwaka mzima kinauzwa bei ya jozi moja ya viatu, tena si viatu vya harusi. Ndiyo maana hakuna anayekiachia. Kitu kikiwa rahisi namna hiyo, aliyekipata hukiatamia, awe na gari au asiwe nalo. Kuna mzee wa mtaa wa nyuma ameegesha gari lisilo na injini tangu binti yangu yuko shule ya msingi. Wengine huwapangishia wenye maduka nafasi zao wakala faida kimya kimya. Wasiobahatika wapo kwenye orodha ya kusubiri, na orodha husogea kwa njia mbili tu: mtu ahame au mtu afe.

Kibali ni cha mtu, na mtu akifariki kinarudi ofisini siku hiyo hiyo. Hicho ni kifungu cha tisa. Nimewasomea wajane wengi kifungu hicho, nakijua kuliko namba yangu ya simu.

Mume wangu alifariki tarehe kumi na moja Februari. Kibali chake ni namba kumi na tisa, nafasi iliyo mbele kabisa ya mlango wa jengo letu. Gari lake lipo pale pale alipoliacha. Betri imekufa, na mimi sijui kuendesha. Kibali sijakifuta.

9 Machi

Jumatatu, kwa hiyo Fundi alikuja dirishani. Fundi ni jirani yangu wa chini, mshonaji wa nguo za kike, na kila Jumatatu kabla ya kufungua duka lake hupita kuniuliza namba yao imefika wapi. Nikamjibu kama kawaida kwamba wao ni wa kwanza. Ni wa kwanza tangu Novemba. Wamesubiri miaka sita.

Mumewe tunamwita Mwalimu, alifundisha hesabu hadi alipostaafu. Mwanzoni mwa Januari alipigwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalala wote na maneno yakawa yanamtoka moja moja. Daktari amewaambia miezi sita ya kwanza ndiyo yenyewe: mguu ukirudi humo utakuwa umerudi, na usiporudi humo, basi. Anatakiwa mazoezi ya viungo hospitali Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Gari wanalo, lakini wanaegesha mtaa wa nne kutoka hapa, ambako mtu yeyote anaweza kuegesha. Kwa mtu mwenye afya ni dakika kumi. Kwa Mwalimu ni saa nzima na zaidi, na mvua ikinyesha ni safari. Fundi akimshusha mlangoni, gari linaziba njia na nyuma wanapiga honi kama wanasindikiza harusi. Ameshapigwa faini mara mbili.

Mtaa mzima wanangoja mtu mmoja tu ahame au afe. Na mtu ameshakufa.

Siku ya tatu ya msiba Fundi alikuwa jikoni kwangu anaosha vyombo. Aliniuliza huku anafuta kikombe: "Dada, samahani kwa kuuliza wakati huu. Hiki kibali cha shemeji kinakuwaje?" Nikamwambia kibali ni cha nyumba, si cha mtu. Akasema sawa, akakitundika kikombe. Sijui kwa nini nilisema vile. Lilitoka tu, kwa sauti ya kazini.

10 Machi

Mvua.

11 Machi

Mvua. Mwezi mmoja leo. Nilinunua mkate mdogo, mkubwa unaota ukungu kabla sijaumaliza.

14 Machi

Bwana Chaki alipita mtaani na mwavuli. Yeye ni mkaguzi wetu, tunafanya kazi ofisi moja miaka kumi na nane. Kazi yake ni kuhakikisha magari hayakai tu kama mapambo. Gari la mkazi lisiposogea siku kumi na nne, nafasi inachukuliwa. Jiji halijampa mashine yoyote, limempa chaki. Anachora mstari mmoja unaoanzia kwenye tairi na kuishia kwenye lami. Akirudi siku ya kumi na nne na mstari bado umenyooka, gari halijasogea, na anaandika.

Masika haichoreki. Anachora asubuhi, saa nne mstari umeshaingia mtaroni. Kwa hiyo kila mwaka miezi mitatu hii magari mabovu ya jiji zima hupumua. Nilikuwa nayacheka mambo haya kazini. Leo nilisimama dirishani nikamwangalia akilipita gari la mume wangu, akalitazama, akatazama juu mawinguni, akaendelea na safari yake. Nilishukuru mvua, na ni kitu pekee nilichoshukuru mwaka huu.

17 Machi

Mvua. Binti yangu anataka tuliuze gari. Nikamwambia tutaona.

20 Machi

Alikuja mjane dirishani. Mama wa makamo, kitambaa kimefungwa vizuri, bahasha ya plastiki ina kila kitu: cheti cha kifo, kitambulisho, na kibandiko chenyewe ameshakibandua kwenye kioo cha gari kwa uangalifu, hakijachanika hata pembe. Alikuja kubadilisha jina. Nikamsomea kifungu cha tisa. Aliuliza sasa afanye nini, nikamwambia anarudisha kibandiko na nafasi inaenda kwa anayefuata.

Alikisukuma chini ya kioo. Nikakitoboa mara mbili kwa ile mashine ya kutoboa, nikagonga mhuri. Akaniuliza kama anaweza kubaki nacho hivyo hivyo na matundu yake. Sheria haikatazi, nikamrudishia. Akanishukuru, akaniita mwanangu, ingawa hatupishani sana.

Alipoondoka nilingoja nione kama nitasikia kitu moyoni. Sikusikia kitu. Nikala mkate wangu.

23 Machi

Jumatatu. Fundi alikuja, nikamwambia wa kwanza. Viatu vyake vilikuwa vimelowa hadi vinalia.

27 Machi

Mkubwa wetu alitukusanya kwenye ukumbi. Ni kijana msomi, amekuja na michoro ukutani. Alisema nafasi moja ya gari ni mita kumi na mbili za mraba, na chumba cha ukubwa huo katika mitaa yetu kinapangishwa kwa mwezi mmoja kwa pesa ambazo kibali hakizifikii kwa miaka kumi. Alisema jiji linagawa ardhi yake ghali kuliko zote kwa bei ya viatu, halafu linashangaa watu kugombana. Alisema hakuna maegesho ya bei rahisi duniani. Usipolipa kwa fedha unalipa kwa kuzunguka, na usipolipa wewe, analipa mwenzako kwa miguu. Niliyaandika yote, maana mimi ndiye niliyeandika muhtasari. Nilipofika kwenye miguu kalamu ilisimama kidogo, nikadhani wino umeisha.

Kisha akatoa la mwisho. Kuanzia tarehe moja Juni vibali vipya vitauzwa kwa mnada. Orodha ya kusubiri inafutwa, wote, hata aliyesubiri miaka ishirini. Lakini ili wakazi wasije na mabango, mwenye kibali halali siku hiyo atabaki nacho kwa bei ya zamani miaka mitano.

Watu walipiga makofi kwa sababu soda zilikuwa zimeshaletwa. Mimi nilipiga hesabu, na haikuhitaji Mwalimu. Kibali namba kumi na tisa kikifutwa kabla ya Juni, kinakwenda kwa wa kwanza kwenye orodha. Kikibaki hadi Juni, ni changu miaka mitano, na Fundi ataingia mnadani kushindana na mahoteli kwa pesa za kukunja pindo za magauni.

28 Machi

Mvua. Niliwaona wanarudi kutoka hospitali. Sikutazama saa.

2 Aprili

Mvua. Nimesafisha jokofu.

9 Aprili

Siku ya pili hakuna mvua. Jua kali, watu wanaanika magodoro barandani. Bwana Chaki alipita na kuchora. Nilipotoka kazini nilikuta mstari mweupe kwenye tairi la mbele, umenyooka vizuri, mwandiko wake naufahamu.

13 Aprili

Jumatatu, jua. Fundi alisema Mwalimu ameweza kunyanyua kisigino. Kidogo tu, lakini ameweza. Alinionyesha kwa vidole, nafasi ya kupita sindano. Nikamwambia hongereni. Akauliza wamefika wapi, nikamwambia wa kwanza.

15 Aprili

Jua.

16 Aprili

Jua. Redio inasema mvua itarudi wiki ijayo, lakini redio ilisema hivyo hivyo wiki jana.

18 Aprili

Jumamosi. Siku ya kumi tangu mstari uchorwe. Nilishuka saa sita mchana na kitambaa cha vyombo kimelowa maji, nikijua mtaa wote uko ndani unakula. Ningekuwa na akili ningeomba vijana wanne walisukume gari hatua mbili, mambo yaishe. Lakini sikutaka lisogezwe. Lipo kama alivyoliegesha, gurudumu la mbele limekunjwa kidogo kushoto, maana hakuwahi kujifunza kunyoosha usukani.

Nikachuchumaa, nikafuta tairi, nikafuta lami. Karani wa jiji, miaka ishirini na mbili kazini, napiga magoti barabarani nafuta alama ya jiji. Nilipoinuka nikamwona Mwalimu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, ngazi ya chini kabisa, fimbo imelala mapajani. Wametoka mazoezini, Fundi ametangulia ndani kufungua. Alikuwa ameniona tangu mwanzo.

Yeye akanyanyua mkono wake mzima, wa kulia, taratibu, akaelekeza kidole nyuma ya gari. Nikageuka. Bwana Chaki alikuwa amechora na tairi la nyuma, sikuwa nimeliona.

Mwalimu akasema, "Na... huko."

Nikaenda nikafuta na huko. Nilipopita mbele yake kuingia ndani akaniambia neno moja, lilichukua muda kutoka: "Pole." Jasho lilikuwa bado linamchuruzika kutoka mtaa wa nne. Nikamwambia asante, Mwalimu, nikapanda juu nikasuuza kitambaa, maji yakatoka meupe.

19 Aprili

Jua.

22 Aprili

Mvua imerudi. Kubwa, ya usiku na mchana. Nimelala saa tisa mfululizo bila kuamka.

28 Aprili

Nimekwenda kubadilisha jina la bili ya maji. Benki wameshamfuta, kazini kwake wameshamfuta, kampuni ya simu wamempa mtu mwingine namba yake. Nilijaribu kupiga wiki iliyopita, akapokea dada mmoja mchangamfu, nikamwambia nimekosea. Katika mashine zote za nchi hii jina lake kamili limebaki kwenye moja tu, na ni ya kwangu. Kila asubuhi nikiwasha kompyuta namtafuta: namba kumi na tisa, jina lake la kwanza, la baba yake, la babu yake, na pembeni limeandikwa HALALI. Nikishamwona naanza kazi.

Basi, nimeandika. Si nafasi ninayoitaka. Gari lenyewe silitaki.

4 Mei

Jumatatu. Wa kwanza.

9 Mei

Nataka niandike hili kama lilivyokuwa, bila kujipunguzia.

Jumamosi, mvua ya mawe kidogo, halafu mvua ya kawaida ila nzito. Saa saba kasoro nilikuwa dirishani na kikombe cha chai. Gari lao likaja likasimama katikati ya njia, sambamba na la mume wangu. Fundi akashuka na mwavuli, akamtoa Mwalimu, akampitisha kati ya bampa yetu na ya jirani, akamfikisha kwenye ngazi. Nyuma yao magari matatu, honi. Hakuweza kumpandisha ngazi na kumwingiza ndani huku njia imezibwa. Nilimwona anamshikisha chuma cha ukutani kwa mkono wa kulia, anamwambia kitu, anamwachia mwavuli begani. Kisha akakimbia akaondoa gari kwenda kuegesha mtaa wa nne na kurudi mbio.

Mwalimu akabaki amesimama peke yake. Mwavuli ulianguka mapema.

Mimi nilikuwa ghorofa moja juu. Ngazi kumi na saba. Ningeshuka ningekuwa pale kabla mtu hajamaliza kuhesabu hadi thelathini. Nilijua ninatakiwa kushuka. Lakini nilijua pia Fundi atarudi anahema, atanikuta nimemshika mumewe mbele ya gari lile, na itabidi tutazamane. Nikasema moyoni nimalize chai kwanza. Hayo ndiyo maneno niliyoyasema.

Alisimama muda mrefu kuliko nilivyodhani angeweza. Alikuwa anautazama mguu wake wa kushoto, anaupigia hesabu. Naona aliamua kujaribu ngazi ya kwanza mwenyewe, ili mkewe akirudi amkute amepanda. Kisigino kikanyanyuka. Kweli kilinyanyuka, nilikiona. Halafu mkono ukateleza kwenye chuma.

Hakupiga kelele. Aliangukia ubavu wa kushoto, kichwa kikagonga bampa ya gari la mume wangu, si kwa nguvu sana, akateleza akakaa ndani ya maji. Ndipo nikashuka. Nilipofika chini mpita njia mmoja alikuwa ameshamwinamia, na Fundi anatokea pembeni anakimbia, viatu mkononi.

Tulimbeba watatu. Fundi hakulia wala hakunitazama. Aliendelea kumwambia mumewe, "Nipo baba, nipo, nimeshafika."

10 Mei

Nyonga haikuvunjika. Imepasuka kidogo mahali, na goti limevimba. Daktari amesema wiki tatu kitandani, hakuna mazoezi. Nilipeleka uji. Fundi alipokea sufuria mlangoni.

11 Mei

Jumatatu. Fundi hakuja dirishani.

12 Mei

Mvua.

15 Mei

Mkubwa amenipa kazi ya kuchapa barua za watu wote walio kwenye orodha. "Tunasikitika kukujulisha kuwa kuanzia tarehe 1 Juni orodha ya kusubiri haitatambulika." Barua mia nne na kitu. Mashine inaingiza majina yenyewe, mimi nakunja na kubandika. Ya kina Fundi ilikuwa ya kwanza kwa mtaa wetu. Nikaikunja nikaiweka kwenye trei pamoja na nyingine.

16 Mei

Mvua kidogo.

18 Mei

Jumatatu. Hakuja. Nilijikuta natazama mlango wa ofisi hadi saa tatu.

19 Mei

Nimekutana na Fundi kwenye ngazi, ana ndoo. Nikamuuliza Mwalimu anaendeleaje. Akasema mguu umekakamaa, kile kisigino hakinyanyuki tena, wanangoja wiki tatu ziishe waanze upya. Akasema na miezi sita inaishia mwanzoni mwa Julai. Alisema hayo kama anamtajia mteja siku ya kuchukua nguo.

24 Mei

Jumapili. Hakujanyesha. Nilichukua funguo kwenye kikapu nikashuka kulifungua gari. Sikuwa nimelifungua tangu Februari. Kwa muda wote huu nilikuwa najiambia kuna siku nitakuwa tayari, na siku hiyo nitamkuta humo: harufu yake, kiti alivyokirudisha nyuma, karanga zake kwenye kisahani cha majivu.

Mpira wa mlango ulikuwa umekatika, na maji yameingia miezi mitatu. Viti vimeota ukungu wa kijani hadi mgongoni. Zulia limeoza. Karanga zimeota, kisha zikafa. Kulikuwa na harufu ya tambara la kudekia lililosahauliwa kwenye ndoo. Nilikaa kwenye kiti cha abiria nguo ikaniloa, nikangoja. Hakuwamo. Ilikuwa ni gari bovu tu linaloziba mlango wa mgonjwa, na mimi ndiye niliyeliweka.

Nilikaa humo hadi miguu ikafa ganzi.

28 Mei

Bwana Chaki alikuja mezani kwangu wakati wa chai. Huwa haji, chai yake anakunywa na walinzi. Alizungumza habari za magoti yake kwanza, kisha habari za mvua. Alisema imekatika, sasa ni jua hadi vuli. Halafu akasema, "Mama, kesho naanza kuchora upya. Mtaa wako nitaupitia mwisho." Akaongeza kwamba miezi yote hii alikuwa anapita na chaki mfukoni na kumwomba Mungu mvua isikatike, maana hakujua angefanyaje akikuta mstari umenyooka. Nikamuuliza ni nani mwingine anajua. Akasema ofisi nzima wanajua, wanasubiri niseme mwenyewe. Nilikuwa nadhani najificha, kumbe nimesimama kwenye jua.

29 Mei

Ijumaa, siku ya mwisho ya kazi kabla ya mnada. Nilivuta fomu namba nne, ya kurejesha kibali kwa sababu ya kifo. Nimejaza fomu hizo mamia. Mahali pa jina nikaandika majina yake matatu. Mahali pa uhusiano nikaandika mke. Mahali pa tarehe ya kifo nikaandika 11 Februari. Mahali pa tarehe ya kurejesha nikaandika 29 Mei, na zile tarehe mbili zikakaa mstari mmoja, zinatazamana.

Nikatoboa kibandiko mara mbili. Mhuri nilimwomba mwenzangu wa dirisha la pili agonge yeye.

Mashine ikauliza kama nina uhakika, nikabonyeza ndiyo. Jina likatoka. Likaja la Mwalimu. Barua ya kumpa nafasi ilijichapa yenyewe, na kiambatisho chake kama utaratibu unavyotaka: nakala ya fomu ya aliyerejesha, pamoja na tarehe zake. Ningeweza kuibandua hiyo nakala. Nilifikiria. Nikaiacha, nikampa tarishi.

30 Mei

Gari la kukokota lilikuja saa mbili asubuhi. Lilimaliza dakika sita. Chini lami ilibaki kavu, nyeusi, na majani yaliyooza.

1 Juni

Jua. Mnada umefunguliwa. Mtaa wa benki nafasi moja imeuzwa kwa bei ya kiwanja kidogo.

2 Juni

Fundi amepanda kwangu jioni hii, na barua mkononi. Nilimkaribisha, hakukaa. Alikuwa na sindano tatu zimechomekwa kifuani mwa gauni, ametoka moja kwa moja dukani. Alisema wamepata nafasi, ameshaegesha, leo Mwalimu amekwenda mazoezini kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Kutoka garini hadi mlangoni ni hatua kumi na moja. Mtaalamu wa viungo amemshika mguu, amemgeuza, akamwambia waendelee kuja, lakini wasitegemee mengi sasa. Atatembea kwa kuuburuta.

Nikaanza kusema. Nilisema, "Dada, kibali, siku ile jikoni nilikwambia..."

"Ulinidanganya, najua," akasema. "Nilijua siku ile ile. Kifungu cha tisa kipo nyuma ya fomu, dada. Mtu akisubiri miaka sita anasoma hadi jina la kiwanda cha karatasi."

Nikamuuliza mbona hakusema. Nikamuuliza kwa nini alikuwa anakuja kila Jumatatu kuuliza kitu anachokijua.

"Nilikuwa nakupa nafasi uanze wewe kusema," akasema. "Ulikuwa umefiwa. Nikasema mwezi mmoja nimwachie, ni mtu, ana uchungu. Mwezi ule nilikupa mimi, kwa moyo wangu, wala sikudai. Ile mingine yote hukuichukua kwangu. Umeichukua kwenye mguu wake."

Hakupandisha sauti. Aliikunja barua mara nne kama anavyokunja kitambaa, akaitia mfukoni.

Niliona haya hadi masikio yakawaka. Ni mara ya kwanza tangu Februari kuhisi kitu mwilini mwangu, na kilikuwa hicho. Nikamuuliza Alhamisi wataondoka saa ngapi, nishuke nikawashikie mlango. Akasema saa mbili, na kwamba mlango watashika wenyewe.